Macross: Scrambled Valkyrie, gemu ya kufyatua inayokutaka uache kufyatua

Gemu za ndege na risasi zina amri moja, na unaijua kabla hujakaa vizuri kwenye kiti: bonyeza, usiachie. Tangu Space Invaders ya Taito mwaka 1978, kidole gumba cha mchezaji kimekuwa na kazi hiyohiyo. Adui anashuka, unampiga. Wanashuka kumi, unawapiga kumi. Baadaye Gradius ya 1985 ikaleta vimondo vya kukusindikiza, na R-Type ya 1987 ikaleta ngao unayoweza kuibandika mbele au nyuma ya ndege, lakini kidole hakikupewa likizo.

Ndiyo maana nimerudi kwenye gemu moja ya mwaka 1993 na sitaki kuiweka chini. Inaitwa Macross: Scrambled Valkyrie, na imetokana na katuni ya Kijapani iitwayo Macross. Unaruka kutoka kushoto kwenda kulia, maadui wanakuja kwa makundi, risasi zinajaa kioo, kila kitu ni kama ulivyozoea. Ila ukiacha kufyatua kwa sekunde chache, ndege yako inaanza kung'aa. Ukiwa ndani ya mng'ao huo, nenda kamguse adui. Kwa kawaida kugusana na adui ni kujiumiza. Hapa, kama ni wa aina inayokubali, anageuka. Anakuja kukaa ubavuni mwako na kuanza kuwapiga aliokuja nao.

Sijaona gemu nyingine ya katuni iliyoielewa katuni yake kwa kina namna hii, na nataka kueleza kwa nini nasema hivyo.

Kwanza niiweke mahali pake. Iliundwa na Winkysoft na kutolewa na Zamuse kwa ajili ya Super Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo, na iliuzwa Japani tu. Kwa hiyo haikuwa mashine ya kutumbukiza sarafu. Lakini damu yake ni ya huko kwenye kumbi za gemu: hatua fupi zenye presha, bosi mwishoni, hakuna hadithi ndefu ya kusoma, na mkono wako ndio unaoamua. Mwaka mmoja kabla yake Banpresto walikuwa wameshaingiza Macross kwenye kumbi hizo, gemu ya kufyatua inayopanda kutoka chini kwenda juu, na waliendelea na Macross II mwaka 1993 na Macross Plus mwaka 1996. Hata Famicom ya zamani ilikuwa na Macross yake tangu 1985. Hizo zote zina ndege nzuri ileile. Ninayoizungumzia mimi ndiyo pekee kati yake iliyouweka moyo wa katuni ndani ya vitufe.

Nilikutana nayo Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika intaneti kafe moja ya Ngamiani. Watu wazima walikuja kufungua barua pepe na kuchapisha barua za kuomba kazi. Sisi wanafunzi tulikuja kwa sababu kafe ilikuwa na CD iliyojaa gemu za zamani za Kijapani, zilizochezeka kwenye kompyuta kwa programu inayoigiza mashine yenyewe. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo tulichagua gemu kwa picha. Hii tuliiita "ndege mtu". Unabonyeza kitufe, ndege inashusha miguu na kutoa mikono huku mabawa yakibaki. Unabonyeza tena, inasimama wima, imekuwa roboti mwenye bunduki. Watoto wa Ngamiani walisimama nyuma ya kiti kutazama badiliko hilo tu, bila hata kutaka zamu yao.

Siri ya mng'ao iligunduliwa kwa njaa. Kaka mmoja aliyetuzidi umri, fundi wa gemu ile, aliletewa chipsi mayai akiwa katikati ya hatua. Mkono wa kulia ukaiacha kibodi ukachukua kijiti, wa kushoto ukabaki kwenye mishale unakwepa risasi. Alipotia kipande cha pili mdomoni, ndege ikawaka. Tukapiga kelele. Adui mmoja mdogo akaja moja kwa moja, wakagusana, na hakuna kilicholipuka. Yule adui akageuka, akaambatana na ndege, na kaka aliporudisha mkono wake wenye mafuta kwenye kibodi, risasi zikatoka sehemu mbili. Tangu siku hiyo pale kafe "kula chipsi" ilimaanisha kuachia kitufe. "Kula chipsi kwanza, kula chipsi!" Hivyo ndivyo tulivyofundishana.

Tulikuwa na ufundi, lakini hatukuwa na kisa. Kisa nilikipata miaka mingi baadaye, nilipoitazama katuni yenyewe kuanzia mwanzo.

Macross ya televisheni ilianza kurushwa Japani tarehe 3 Oktoba 1982 na kumalizika Juni 1983, sehemu 36. Muundaji wa ndege zake, Shoji Kawamori, alikuwa na miaka 22 sehemu ya kwanza iliporushwa. Mpaka wakati ule roboti wakubwa wa katuni za Kijapani walikuwa zaidi kama mashujaa wa chuma, wenye pembe na rangi za sherehe, na mtu hakuuliza injini iko wapi. Kawamori alianza na ndege. VF-1 Valkyrie inafanana waziwazi na F-14 Tomcat ya jeshi la majini la Marekani, ile yenye mabawa yanayojikunja kufuata mwendo. Injini zake mbili ndizo zinazokuwa miguu. Mikono imelala chini ya tumbo, katikati ya injini, na pua ya ndege inakunjwa kuwa kifua. Hakuna kipande kinachotokea hewani. Ndiyo maana mwanasesere wake aliweza kutengenezwa akabadilika kweli mkononi mwa mtoto, na ndiyo maana Hasbro wa Marekani walimchukua mwanasesere huyohuyo wakamuuza kwa jina la Jetfire katika Transformers.

Kati ya ndege na roboti kuna umbo la tatu, na mimi ndilo ninalolipenda: Gerwalk. Ni ndege iliyoshusha miguu na kutoa mikono lakini haijasimama. Kwa macho linaonekana kama ndege wa majini anayetua. Kivita lina maana kubwa, kwa sababu linaweza kuelea, kurudi nyuma ghafla, kugeuka mahali padogo. Katika gemu maumbo haya matatu yote yapo, kila moja lina silaha yake na tabia yake. Fighter, yaani ndege kamili, ni jepesi na jembamba, linapita kwenye mwanya kati ya risasi. Battroid, yaani roboti kamili, ni zito na linachukua nafasi kubwa kwenye kioo, ukilisimamisha ovyo kila risasi inakukuta. Unabadilisha papo hapo, katikati ya vurugu, na baada ya muda kidole kinabadilisha chenyewe kabla hujafikiri. Rubani mzuri wa katuni ile ndivyo anavyopigana: anaingia kama ndege, anafunga breki kama Gerwalk, anageuka na bunduki mkononi, kisha ni ndege tena na ameshaondoka.

Na kwa nini roboti awe mkubwa hivyo? Katuni nyingi hazijibu. Macross inajibu: maadui wenyewe ni wakubwa. Mwaka 1999 wa hadithi, meli ya angani isiyo na watu inaangukia kisiwa kimoja. Wanadamu wanaichunguza na kugundua kwamba waliokuwa wakiitumia walikuwa majitu. Wanatengeneza mashine za kuweza kupigana nao mikono kwa mikono. Miaka 10 baadaye wanafika Zentradi, askari wenye urefu wa takribani mita 10, walioumbwa kwa ajili ya vita peke yake. Hawana nyumba, hawana vyakula vya sherehe, wanaume na wanawake wanaishi mbalimbali, na hawajawahi kusikia wimbo.

Hapo ndipo anapoingia Lynn Minmay, binti wa ukoo wenye mgahawa wa Kichina, ambaye anajikuta na mji mzima ndani ya tumbo la meli ya Macross, mbali na dunia. Mji unajengwa upya humo ndani, na maisha yanaendelea: watu wanafungua maduka, wanafanya mashindano ya urembo, wanarusha matangazo ya televisheni. Minmay anakuwa mwimbaji. Zentradi wanatuma wapelelezi watatu, waliopunguzwa mpaka kimo cha binadamu, wakachunguze. Wanarudi kwa wenzao na mwanasesere wa Minmay na habari zisizoeleweka kuhusu kitu kinachofanyika kwa mdomo. Askari wengine wanaanza kutamani kwenda kuona. Wengine wanatoroka.

Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana hapa. Mji wetu ulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya taarab vilivyoshindana kwa mashairi na sauti, na mama zetu walikuwa na upande kama watu walivyo na timu za mpira. Shakila Said aliimbia Black Star kisha akaimbia Lucky Star. Kwamba sauti moja inaweza kuhamisha watu kutoka kambi hii kwenda ile, hilo tumelishuhudia sebuleni.

Sehemu ya 27 ya katuni ndiyo kilele. Kamanda mkuu wa Zentradi, Boddole Zer, ameona kwamba utamaduni ni ugonjwa utakaowaharibu askari wake, na amekuja na kundi la meli zaidi ya milioni 4 kuimaliza dunia pamoja na Zentradi walioambukizwa. Minmay anaimba, wimbo unarushwa kwa meli zote, na katika mshangao wao Macross na Zentradi waliogeuka wanapenya hadi kwa kamanda. Lakini watengenezaji hawakudanganya. Dunia ilikuwa imeshachomwa. Miji imekwisha, watu wengi mno wamekufa, na Minmay alikuwa anaimba juu ya maiti wa dunia yake. Kisha katuni ikaendelea kwa sehemu tisa zaidi kuonyesha jinsi ilivyo vigumu kuishi pamoja: jitu lililozaliwa kupigana linapewa kazi kiwandani, linachoka, linatamani vita, na wengine wanarudia vita kweli. Wimbo uliwagusa wengi. Si wote.

Sasa rudi kwenye gemu ukiwa na hayo kichwani.

Super Famicom ilikuwa na kilobaiti 64 za kumbukumbu ya sauti. Chipu yake ilitengenezwa na Sony, kazi ya Ken Kutaragi aliyekuja kuunda PlayStation, na kwa wakati wake ilikuwa na muziki mtamu sana. Lakini katuni inayosimama juu ya sauti ya msichana, sauti ya Mari Iijima, ilikuwa inaingia kwenye kaseti ambayo haikuwa na nafasi ya kuibeba sauti hiyo kwa wimbo mzima, hatua kwa hatua. Winkysoft wangeweza kuridhika na muziki wa ala, na picha ya Minmay mahali fulani. Wao wakaugeuza wimbo kuwa kitendo. Ukinyamaza, ndege inang'aa. Mng'ao ndio Minmay anayeimba. Kumgusa adui ndiko kumfikishia wimbo. Na kwa kuwa si kila adui anakubali, unakutana na ukweli uleule wa katuni: kuna wanaogeuka na kuna watakaokupiga mpaka mwisho.

Hivi karibuni nilipata kaseti yenyewe pamoja na mashine, kwenye duka la Dar es Salaam linalouza vitu vilivyotumika kutoka Japani, zile bidhaa zinazokuja kwenye makontena pamoja na majokofu, baiskeli na spika. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230, kwa hiyo transfoma ya kushusha umeme ndiyo kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya shauku haijachoma adapta. Nikaitafutia TV ya chogo inayokubali NTSC, mfumo wa picha wa Japani. Siwezi kueleza vizuri tofauti ya kuiona gemu ile kwenye kioo cha aina hiyo. Rangi zinayeyukiana kidogo pembezoni, mng'ao wa Valkyrie unakuwa mng'ao kweli, badala ya vijimraba vyeupe vinavyowakawaka kama nilivyovikumbuka kutoka kompyuta ya kafe.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la sita aliyelelewa na gemu za simu, alikaa kando yangu akitazama. Niliachia kitufe.

"Mjomba, mbona hupigi?"

"Ngoja."

"Wanakuja hao. Mjomba! Piga basi!"

Ndege ikawaka. Nikapita chini ya kundi la kwanza, nikapanda, nikamwacha mmoja apite, nikamgusa wa pili. Akaja ubavuni.

Mpwa wangu akasogea karibu na kioo. "Huyo sasa ni wetu?"

"Ni wetu."

"Na yule mkubwa kule?"

"Yule hakubali."

"Umejuaje?"

"Nimeshamjaribu." Akachukua padi mkononi mwangu, na jioni ile hakufyatua karibu kabisa. Alizunguka akijaribu kumgusa kila mtu, akifa, akianza upya, akiandika kwenye daftari la hesabu nani anakubali na nani hakubali. Sijawahi kuona mtoto akicheza gemu ya risasi kwa namna ile, akiwachunguza maadui mmojammoja kama wana majina.

Niseme jambo kuhusu zile sekunde za kusubiri, maana ndizo zinazonivuta. Wakati unasubiri mng'ao huna kinga. Risasi zinakuumiza kama kawaida, na maadui ambao ungewapunguza wanazidi kujaa. Kidole kinawasha. Ukibonyeza mara moja tu kwa woga, umevunja subira yako na unaanza tena. Kwa hiyo unalazimika kufanya kitu ambacho gemu za aina hii huwa hazikufundishi kwa sababu risasi zako huwa zinakufanyia kazi hiyo: kutazama. Unaona njia wanayopita. Unaona nani anageuka juu na nani anashuka. Unachagua unayemtaka, kwa sababu kila anayegeuka anakuja na silaha yake, na silaha nyingine hazifai mahali ulipo. Kisha unamwendea. Kumwendea adui usoni bila kufyatua, kwenye gemu ya kufyatua, kunahitaji moyo. Mabega yangu hukaza kila mara.

Na ni hapo unapokutana na sifa nyingine ya Macross, makombora. Katuni hii ndiyo iliyomfanya Ichiro Itano ajulikane, mchoraji wa mapigano ya angani ambayo makombora kwa makumi yanatoka pamoja, yanasukana, yanapishana, kila moja na mkia wake wa moshi, na kamera inaruka katikati yao. Amesimulia kwamba ujanani alifunga fataki kwenye pikipiki yake akaziwasha huku anaendesha, na alichokiona akiwa ndani ya zile fataki ndicho alichokuja kuchora. Super Famicom isingeweza kuchora hivyo. Lakini ukiwa umeachia kitufe, umezungukwa, unajipenyeza kwenye mwanya ambao nusu sekunde ijayo hautakuwepo, hisia ni ya huko.

Winkysoft ndio waliotengeneza gemu za mwanzo za Super Robot Wars, mfululizo ulioanza 1991 ambao roboti wa katuni mbalimbali wanakutana kwenye vita moja. Kazi ile ilidai wamjue kila roboti: nani ana silaha gani, nani rafiki wa nani. Macross yenyewe iliingia kwenye mfululizo huo mwaka 2000, katika gemu yake iitwayo Alpha, na Alpha haikuwa kazi yao. Naona ujuzi ule hata hivyo katika Scrambled Valkyrie. Ni watu waliozoea kujiuliza roboti huyu ni nani kabla ya kujiuliza anapiga vipi.

Linganisha na gemu ya filamu ya Macross ya 1984, iliyotoka kwa mashine ya Sega Saturn mwaka 1997. Filamu hiyo ndiyo yenye wimbo wa "Ai Oboete Imasu ka", muziki wa Kazuhiko Kato, maneno ya Kazumi Yasui, na bila aibu nasema ni wimbo ninaouweka pamoja na nyimbo kubwa za maisha yangu. Gemu ya Saturn ilikuwa na CD mbili, ikaweza kubeba vipande vya filamu na sauti zake. Ni nzuri, na kwa macho inaishinda kabisa ya 1993. Naipenda. Lakini ndani yake mambo makubwa yanatokea huku mimi natazama, kisha narudishiwa padi niendelee kupiga. Kwenye kaseti ya 1993, jambo kubwa nalifanya mimi.

Nje ya Japani wengi hawakupata nafasi ya kuijua. Katuni yenyewe ilivuka bahari mwaka 1985 ikiwa imeunganishwa na katuni nyingine mbili zisizohusiana nayo, Southern Cross na Mospeada, zikawa hadithi moja ndefu iitwayo Robotech, kazi ya Carl Macek na kampuni ya Harmony Gold. Wamarekani wengi wanaipenda mpaka leo, na siwalaumu. Lakini mvutano wa haki kati ya Harmony Gold na upande wa Japani ulifunga mlango wa Macross kwa miongo. Makubaliano kati ya Bigwest, kampuni ya upande wa Japani, na Harmony Gold yalitangazwa Aprili 2021, na tangu hapo vitu vya Macross vimeanza kupita kwa njia za halali. Natamani gemu hii ipite pia. Ina mashabiki waliotafsiri na kuelezana kwa miaka mingi, na haihitaji kuguswa hata kidogo: iweke kwenye mashine za sasa kama ilivyo, na watu wataelewa.

Nimebakiza marubani. Unachagua kati ya watatu, kila mmoja na silaha zake: Hikaru Ichijo, Maximilian Jenius na Milia. Hikaru ni mhusika mkuu na wengi huanza naye. Max ni kijana wa miwani, mpole, ambaye kwenye katuni anafanya vitu vigumu kama mtu anayefagia uwanja. Mimi nacheza na Milia, na sababu ni hii.

Milia ni Zentradi. Ni rubani bora wa upande wao, jitu la mashine nyekundu lililoshindwa vitani mara moja tu, na aliyemshinda ni Max. Hawezi kulala. Anaomba apunguzwe kimo aingie kwenye mji wa Macross kumtafuta aliyemdhalilisha, amuue. Anamkuta wapi? Kwenye ukumbi wa gemu. Wanakaa kwenye mashine ya kutumbukiza sarafu, yeye na yule kijana wa miwani, wasiojuana, wanacheza gemu ya vita, umati umewazunguka. Anashindwa tena. Hapohapo anaelewa ni nani aliyekaa mbele yake. Usiku anamwita bustanini akiwa na kisu, wanapambana, kisu kinamtoka, anamwambia amuue. Max anamwambia ni mzuri na kumwomba amuoe. Harusi ya kwanza kati ya binadamu na Zentradi inafungwa katika sehemu ya 25, na baada yake Milia anaendesha Valkyrie nyekundu bega kwa bega na mumewe.

Walioitengeneza gemu hii walijua wanamweka nani kwenye orodha ile ya watatu. Ukimchagua Milia, unaruka na adui wa zamani aliyegeuzwa mbele ya mashine ya gemu, na unachofanya hatua baada ya hatua ni kuwaendea ndugu zake bila kufyatua, mmoja baada ya mwingine, ukitafuta ni yupi kati yao atakayekubali. Mpwa wangu naye amehamia kwake, na daftari la hesabu limeshajaa. Sasa anaandika nyuma ya kalenda.